Somo la Kujadili: Mimi Naenda Kanisani kwa Nini?

Katika matoleo yaliyopita tumezungumza sana juu ya matuta, mbegu na vitabu vya hesabu. Safari hii tunaomba mweke jembe chini kidogo. Somo letu ni swali ambalo wengi wetu hulijibu kwa miguu kila Jumapili, lakini kwa mdomo hatulijibu: mimi mwenyewe, naenda kanisani kwa nini?

Swali hili tuliliuliza kwanza bila kupanga. Tulikuwa tumetembelea kikundi kimoja cha mwethya huku Ukambani, watu 23, waliokuwa wakijenga ukuta wa bwawa la mchanga mtoni. Gari la saruji lilikwama njiani, basi tukaketi wote chini ya mwembe kungoja. Ili saa zisipotee bure tukawauliza. Majibu ya kwanza yalikuja haraka: kumwabudu Mungu, kuokoa roho, kupokea sakramenti. Ni majibu mazuri na ya kweli. Lakini yalitoka kama ya darasa la ubatizo. Mwenyekiti alisema, na wengine wakafuata nyuma yake kama mbuzi wanaomfuata mwenye kengele.

Halafu nyanya mmoja aliyekuwa kimya akasema, "Mimi huenda nipate kuketi."

Watu walicheka sana. Yeye akangoja kicheko kiishe, kisha akaeleza. Analea wajukuu wanne. Tangu Jumatatu hadi Jumamosi ni maji, kuni, shamba na jiko, na hata akiketi mikono yake inachambua ndengu. Kanisani ndipo mahali pekee ambapo akiketi hakuna mtu anayemwita. "Nikishaketi," akasema, "namwambia Mungu, haya, nimefika. Basi. Mara nyingine hayo ndiyo maombi yangu yote."

Hapo kicheko kiliisha na mazungumzo yenyewe yakaanza. Kijana wa bodaboda akasema kwamba kwa stendi anaitwa "wewe wa pikipiki" siku nzima, lakini katika jumuiya yake anaitwa kwa jina la ubatizo, na siku asipoonekana mtu humpigia simu. Baba mmoja alisema ameacha pombe mwaka wa nne sasa, na akikosa misa Jumapili mbili miguu yake inaanza kukumbuka njia nyingine. Mama mwingine alisema, bila aibu yoyote, kwamba yeye huenda kuimba. Nyumbani hawezi kuimba, kwa sababu mume wake hataki kelele. Na mzee mmoja akatoa lile ambalo tunaamini wengi huliwaza lakini hawalisemi: anaenda ili siku akifa padre asikatae kuja kumzika. Vichwa vingi viliitikia.

Katekista aliyekuwa pamoja nasi hakufurahi. Aliona haya si mambo ya roho, ni mambo ya dunia. Tulimwelewa, lakini hatukukubaliana naye, na tunadhani Injili yenyewe iko upande wa yule nyanya. Hebu tukumbuke waliomjia Yesu. Nikodemo alikuja usiku akiwa na maswali (Yohane 3). Zakayo alipanda mkuyu kwa sababu alitaka tu kumwona ni mtu wa namna gani (Luka 19). Yule mama aliyetokwa damu miaka 12 alitaka kupona, hakuwa na haja nyingine, tena alipita kwa nyuma asionekane (Marko 5). Wengine walimfuata ng'ambo ya ziwa kwa sababu walikula mikate wakashiba, na aliwaambia hivyo wazi (Yohane 6). Aliwaambia, ni kweli, lakini hakuwafukuza. Alianza nao kwenye mkate waliokuja kuutafuta, akawapeleka mbele. Mtu huja na sababu aliyo nayo.

Tulijifunza jambo hili zaidi mwaka wa 2020, wakati wa Korona. Mnamo Machi makanisa na misikiti ilifungwa kote nchini. Julai yalipofunguliwa, masharti yalikuwa kwamba watu wasizidi 100 katika ibada moja, ibada isipite saa moja, na watoto wa chini ya miaka 13 na watu wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Fikirini kigango chochote cha huku kwetu. Ukiwatoa wenye zaidi ya miaka 58, umetoa wanaofagia, wanaoongoza rozari na wanaofika kwanza. Tulipowatembelea wazee hao nyumbani, tulidhani watalalamikia kukosa komunyo, na wengi walilalamika kweli. Misa walikuwa wakiisikia kwa redio, mahubiri mazuri, kwaya nzuri kuliko ya kigango chao. Lakini mzee mmoja alituambia jambo ambalo hatujalisahau. Alisema redio ilimpa neno la Mungu, lakini redio haikujua kama yeye yupo.

Maneno hayo yanatusaidia kuelewa kwa nini maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano yao ya 1973 na 1976, walisisitiza kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, yaani majirani wanaojuana kwa sura. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 nayo ilichagua kulieleza Kanisa kama familia ya Mungu. Na familia, usiku ukiingia, huhesabu watoto.

Sasa mtu atauliza: kama ni kujuana, si hata chama chetu cha mzunguko kinatosha? Pale pia tunaitwa kwa majina, tunachangiana, tunacheka. Swali hili ni zuri na msilipite haraka. Sisi tunaona tofauti iko hapa. Kikundi hakiwezi kuishi bila kitabu. Mweka hazina lazima aandike nani ametoa na nani hajatoa, na bila hivyo pesa zitaliwa, tumeona mara nyingi. Lakini kila mtu anahitaji pia mahali ambapo hapimwi kwa kitabu. Yule baba aliyeacha pombe alisema alianguka mara tatu kabla ya kusimama, na kila mara alirudi kitubioni akiona aibu, na kila mara aliambiwa aanze tena. "Kikundi chochote kingeniondoa," alisema. Hakuwa analaumu kikundi. Alikuwa anasema ukweli.

Kuna jambo lingine ambalo imani hutoa, na ni gumu kulisema. Ni mahali pa kulia. Mama mmoja wa kikundi kile alikuwa amezika mtoto. Alitueleza baadaye, tukiwa wawili watatu tu, kwamba miezi mingi alienda kanisani kwa hasira. Alikaa nyuma, hakuimba, hakujibu sala. Alimwambia Mungu moyoni maneno ambayo asingethubutu kumwambia binadamu. Tulimuuliza, basi kwa nini hukuacha kwenda? Akasema, "Ningemgombeza nani tena?" Hatukuwa na la kuongeza. Wengine wetu tumesomea kazi ya ustawi wa jamii na tulifundishwa namna ya kumsikiliza mtu aliyefiwa, lakini hakuna aliyetufundisha jibu kama hilo.

Tusidanganyane hata hivyo. Imani haikuwaletea watu hawa mvua wala haikulipa karo. Ukambani tunajua kupanda kabla ya mvua: mwezi wa Oktoba unaweka mbegu kwenye vumbi, ukitumaini mvua za mwisho wa mwaka. Miaka mingine mvua huja, miaka mingine mbegu huliwa na mchwa. Anayeamini si kwamba amepewa hakikisho la mvua. Amepata nguvu ya kutoka tena na jembe mwaka unaofuata. Na ukuta ule wa bwawa lazima ujengwe vilevile, kwa saruji na mawe, hata tukisali namna gani.

Tunasema hivi kwa sababu wako wanaouza hakikisho. Mwezi wa Aprili 2023 nchi yetu iliona mambo ya Shakahola, kule Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msituni, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Watoto walikuwa wameondolewa shuleni na wagonjwa wamekatazwa hospitali. Ni rahisi kusema watu wale walikuwa wajinga. Sisi tunafikiri watu kama hao nao walikuwa na sababu zao binafsi: ugonjwa, upweke, hofu ya siku za mwisho. Tunajiuliza kama katika makanisa waliyotoka kuna aliyewahi kuwauliza.

Na hapa lazima tuseme kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane aliacha kuja jumuiya na pia kikundini. Sisi, tukijiona wenye bidii, tulimkuta siku ya soko tukamuuliza mbele ya watu mbona amepotea. Aliangalia chini akasema ana kazi nyingi. Baadaye tulipata habari kamili kwa jirani yake. Kumbe majina ya ambao hawajatoa mchango wa kujenga kigango yalikuwa yakisomwa baada ya misa, na jina lake lilisomwa Jumapili tatu mfululizo. Deni lenyewe lilikuwa shilingi mia tatu. Mama huyu alikuwa akija kanisani kwa sababu, tangu mume wake afe, ni pale tu alipokuwa akisalimiwa kwa mkono. Tulikuwa tumemwaibisha mara ya nne. Ilitubidi twende kwake tukaombe msamaha, na alitupokea, lakini kanisani alichukua zaidi ya mwaka kurudi. Siku hizi katika kigango hicho orodha haisomwi. Mweka hazina humwonyesha kila mtu ukurasa wake peke yake, na michango haikupungua kama wengine walivyohofia.

Tukija kwenye namna ya kulifanya somo hili katika kikundi chenu, tunashauri mambo machache. Tengeni muda wa kutosha, si dakika kumi za mwisho watu wakiwa wanafikiria ng'ombe. Mwenyekiti, katekista na mwalimu wasizungumze kwanza, mmeona wenyewe yaliyotupata chini ya mwembe. Anzeni wawili wawili, mtu na jirani yake, kisha anayetaka aseme mbele ya wote. Asiyetaka aachwe. Katibu asiandike chochote siku hiyo. Kama kuna Waislamu au wenzetu wa makanisa mengine, waeleze ya kwao vilevile, na kama kuna asiyekwenda popote, msimgeuze somo. Msikilizeni huyo zaidi. Katika sensa ya 2019 watu zaidi ya 750,000 walisema hawana dini, na sensa haikuwauliza kwa nini.

Maswali yetu ni haya. Ni siku gani ulikwenda kanisani ukiwa na sababu ambayo ungeona haya kuitaja, na ulirudi nyumbani na nini? Je, katika kigango au jumuiya yenu kuna desturi inayomfanya maskini aone afadhali abaki nyumbani? Ni nani aliyekuwa akiketi karibu nawe mwaka jana na sasa haonekani? Mnapofika swali hilo la tatu, kubalianeni kabla ya kuondoka nani atakwenda kumwona, siku gani, na aende bila kitabu cha michango.