SOMO: MLANGO WA MWANGA ULIO MWEPESI KULIKO KOPE



Katika ziara zetu za matawi tumeulizwa mara nyingi juu ya mashine za leza, zile zinazochonga namba kwenye vyuma bila kisu wala wino. Swali lenyewe huwa hili: "Mwanga wenyewe hatuuoni, basi utatudhuru vipi?" Elimu yetu sisi ni ya shule ya msingi, na mambo haya tumeyapata polepole kwa kuwauliza mafundi. Tutayaeleza kama tulivyoyaelewa.

Mwanga wa leza, ili ufanye kazi, mara nyingi hufungwa na kufunguliwa kama maji ya mfereji. Kipande cha chuma hakiwezi kuwa mlango wake, maana chuma ni kizito na mbio zinazotakiwa ni kubwa mno. Ndipo wataalamu walipotumia fuwele, yaani jiwe angavu, pamoja na umeme.

Chukueni kamba, muipitishe kati ya fito mbili zilizosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, wimbi hupita. Ukiitikisa kulia na kushoto, fito hulizuia. Mwanga nao hutikisika, na kuna vioo maalum vinavyofanya kazi ya fito. Sasa kabla ya fito weka fuwele. Ikipewa umeme, mara nyingi volti elfu kadhaa, huugeuza mtikisiko wa mwanga, ule wa juu na chini ukawa wa kulia na kushoto. Umeme ukiwapo mwanga unazuiwa, umeme ukiondolewa mwanga unapita. Hakuna kitasa wala bawaba. Mjerumani Friedrich Pockels aliieleza tabia hii ya fuwele mwaka 1893, miaka mingi kabla ya leza ya kwanza kuwaka mwaka 1960, na chombo hiki huitwa seli ya Pockels.

Ndugu wa mashambani wasidhani hili ni la viwandani peke yake. Katika nyaya za kioo zinazopita chini ya bahari, kama zile zilizofika Mombasa mwaka 2009, habari husafiri kwa mwanga wa leza, na milango ya jamii hiyo, midogo na yenye kutumia volti chache, huweza kuukatakata mwanga mara bilioni 10 na zaidi kwa sekunde moja.

Tuje kwenye hatari. Katika mashine nyingine mlango huo huwekwa ndani ya leza yenyewe. Unafungwa, nguvu inajikusanya nyuma yake kama maji nyuma ya boma, kisha unafunguliwa ghafla. Nguvu yote hutoka kwa pigo moja. Hebu tupige hesabu. Taa ya wati 100 hutumia nguvu ya juli 0.1 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nguvu hiyo hiyo ndogo ikitoka katika nanosekunde 10, pigo lake ni la wati milioni 10. Nanosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara bilioni.

Kope ya binadamu huchukua kama robo ya sekunde kufumba. Katika robo hiyo yangeweza kuenea mapigo milioni 25 ya namna hiyo, moja baada ya jingine. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utafumba macho. Tena leza nyingi za viwandani zina mwanga wa nanometa 1064, usioonekana, lakini jicho huupitisha na kuukusanya kwenye pazia lake la nyuma. Pazia hilo halina hisia ya maumivu. Mtu anaweza kuungua bila kulia, akagundua baadaye kwamba kuna doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Doa hilo huenda lisiondoke tena.

Katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja, tulikuta swichi ya usalama ya mfuniko imefungwa kwa waya ili mashine iende huku iko wazi, kazi isichelewe. Miwani ya kinga ilikuwa kabatini, na ufunguo kwa msimamizi aliyekuwa likizo. Mashine kama hiyo, mfuniko ukifungwa, huandikwa Daraja la 1, yaani haina hatari. Mfuniko ukifunguliwa hivyo, aliyesimama mbele yake yuko mbele ya Daraja la 4, hatari kuliko zote. Vijana wale walisema, "Mzee, hatukuambiwa."

Msikubali miwani ya jua wala ya kuchomelea. Miwani ya leza huandikwa namba ya mwanga inaouzuia, na namba hiyo lazima ilingane na ya mashine. Gharama yake si ya mfanyakazi: Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Ibara ya 13 ya mkataba huo inamlinda anayejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu kumpata.

Na fundi anayefungua sanduku la seli ya Pockels akumbuke kwamba umeme wa volti elfu kadhaa unaweza kubaki ndani hata baada ya kuzima swichi ya ukutani.

Maswali ya tawi: Je, mashine zenu zimeandikwa daraja gani? Ufunguo wa kabati la miwani anao nani wakati wa zamu ya usiku?