Mtoto Akishika Simu Yako

Tangu tarehe 10 Desemba 2025, Australia imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za TikTok, Facebook na Instagram. Anayepigwa faini ni kampuni, si mtoto wala mzazi. Hapa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa.

Lakini tuseme ukweli, watoto wetu wengi hutumia simu ya mama au ya nyanya. Akaunti ni ya mtu mzima, kwa hivyo mtoto haonekani. Na laini ni hiyo hiyo yenye pesa! Akiandikiwa, "Umeshinda, tuma 200 kwanza," na PIN anaijua, pesa imeenda. Kama tayari anaijua, ibadilishe leo.