Mto, Kijito, Mkondo na Korongo

Neno mto ni fupi, na kila mtu adhani kuwa alijua tangu utoto. Lakini twaona ya kuwa latumika ovyo katika barua na taarifa za vijiji, na kwa watu wa Issuna, na nchi ya Singida kwa jumla, jambo hili laweza kuleta hasara.

Mto ni maji yapitayo katika njia yake yenyewe ardhini, yenye kingo mbili. (Mto wa kulazia kichwa ni neno jingine, ingawa hutamkwa sawasawa na wingi wake pia ni mito.) Ukiwa mdogo huitwa kijito, wala si kito, maana kito ni jiwe la thamani, walimu na wawaonye wanafunzi hapo. Mkondo ni mwendo wa maji ndani ya mto, nao upepo na bahari pia vina mikondo. Mfereji ni kazi ya mikono ya watu.

Rufiji ni mto, nao hutiririka mwaka mzima. Huku Singida mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili. Baadaye njia nyingi za maji hubaki mchanga mtupu, na watu hufukua mchanga huo wapate maji ya kunywa. Je, hapo pana mto? Twajibu kuwa pana mto wa msimu, na ndivyo ipasavyo kuandikwa. Mtu aandikaye "tuna mto" bila kuongeza neno humfanya msomaji wa mbali adhani kuwa kijiji hakina shida ya maji, na ombi la kisima huweza kuwekwa kando. Naye aandikaye "korongo" tu, hali ajua kuwa maji hupita hapo kila masika, huwapa watu moyo wa kujenga ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto; mto ukiisha kuitwa korongo, nani atazipima meta hizo? (Korongo ni ndege pia, lakini huyo hana ugomvi na mtu.)

Tena katika mipaka ya mashamba, msiandike "mpaka ni mto" peke yake. Maji ya mafuriko huhama njia. Andikeni kama ni ukingo wa mashariki, au wa magharibi, au katikati ya mkondo, na mtaje mti au jiwe kubwa lililo karibu.