Mwenye Kushika Fedha za Watu

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu zetu katika dini, katika darasa letu la hapa Huruma, baada ya sala ya Isha, kijana mmoja alituuliza suali lililotunyamazisha. Yeye ameajiriwa katika kibanda cha wakala wa fedha za simu. Alikwisha kusikia ya kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mla riba, na mtoaji wake, na mwandishi wake, na mashahidi wake, akataka kujua kama naye ni katika waandishi hao.

Yapasa kwanza tuifahamu kazi yake, kwani kuihukumu kazi tusiyoijua ni dhuluma. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, na mabenki yaliporuhusiwa kutumia mawakala mwaka 2010, kazi ya karani wa benki imeingia katika vichochoro vyetu. Kijana huyu ana fedha za namna mbili: noti za droo na fedha za simu. Mtu akiweka, noti huzidi na za simu hupungua. Akitoa, huwa kinyume. Wachuuzi wa mbuzi wa Kiamaiko wakija kutoa kwa pamoja, noti humwishia, naye hufunga mlango akaenda kutafuta nyingine, akiwachelea wezi njiani. Usiku huhesabu, na kilichopungua hukatwa katika mshahara wake.

Jawabu letu ni hili. Kupokea fedha za mtu na kumtolea, kwa ujira unaojulikana, si riba. Ama mkopo wa simu, mfano wa M-Shwari, ambao ulipoanza mwaka 2012 ulitozwa shilingi 75 kwa kila 1000 kwa siku 30, yeye hauandiki wala haushuhudii. Mkopaji huukubali mwenyewe katika simu yake. Basi asimhimize mtu kuuchukua.

Lakini hatari yake iko karibu zaidi. Jirani humjia adhuhuri akamwomba mia tano za droo, azirudishe magharibi. Fedha hizo ni za mwajiri. Akizitoa bila ya idhini, amekhini amana, hata zikirudi zote. Na akizitoa ili arudishiwe mia tano na hamsini, basi aliyeogopa kuwa mwandishi wa riba amekuwa mla riba mwenyewe. Amsaidie jirani kwa fedha zake, au kwa ruhusa ya mwajiri, bila ya ziada. Kadhalika asiigawe fedha ya mteja mmoja mara mbili ili kamisheni iingie mara mbili, wala asitangaze mtaani fulani ametumiwa kiasi gani.

Tumtazame Zubeir bin Awwam (R.A.). Watu walimletea mali awawekee, naye hakuipokea ila kama mkopo, akichelea isipotee. Kwani amana ikipotea bila ya uzembe, aliyewekewa halipi. Ama mkopo hulipwa kwa hali yoyote. Alijitwisha hasara ili mwenye mali alale salama. Alipouawa mwaka 36 wa Hijra, deni lake lilifika 2,200,000. Mwanawe Abdullah alililipa, kisha akanadi miaka minne katika msimu wa Hija, kila mwenye kudai aje, ndipo akamaliza kugawanya mirathi.

Sayyidna Omar (R.A.) amepokewa kuwa alikataza kuuza katika soko lao asiyeifahamu dini. Leo vyuo vyetu hufundisha udhu na twahara, na hilo ni jema. Lakini kijana hupewa ufunguo wa droo bila ya kufundishwa hata mlango mmoja wa mkopo, wa amana au wa ujira. Kosa hilo si lake, ni letu sisi tuliomfundisha. Kwa hivyo tutaisoma milango hiyo mitatu katika darasa zijazo, na kijana huyo tumemwomba akae mbele, atueleze kazi yake nasi tumweleze hukumu yake.

Wallahu aalam.