Kumbukumbu za Kesi ya Jinai: Namna ya Kuzitafuta na Kuzipata Mahakamani

Hukumu ya kesi ya jinai husomwa kwa muda mfupi, lakini athari zake hudumu kwa miaka mingi. Mshtakiwa anayekusudia kukata rufaa, mlalamikaji aliyeamriwa kulipwa fidia, na mtu aliyeachiwa huru ambaye majirani bado wanamwita mwizi, wote wanahitaji kitu kimoja: maandishi yanayoonesha kile mahakama ilichoamua. Somo hili linaeleza kumbukumbu hizo ni zipi, zinapatikana wapi, na kwa nini anayezihitaji hana budi kuziomba mapema.

Kumbukumbu za mahakama ni zipi

Jalada la kesi ya jinai lina nyaraka kuu tatu. Ya kwanza ni hati ya mashtaka, inayotaja kosa na kifungu cha sheria kinachodaiwa kuvunjwa. Ya pili ni mwenendo wa shauri, yaani maelezo ya yaliyosemwa na mashahidi na yaliyofanyika siku baada ya siku. Ya tatu ni hukumu, ambamo hakimu hueleza hoja zilizobishaniwa, uamuzi wake na sababu za uamuzi huo, kisha huweka saini na tarehe. Panapokuwa na adhabu au amri, kama vile kifungo, faini au fidia, nayo huandikwa.

Nyaraka hizi hazipaswi kuchanganywa na zile za ofisi nyingine. Namba ya RB hutolewa na kituo cha polisi na huonesha tu kwamba taarifa ya tukio ilipokelewa. Haithibitishi kwamba kesi ilifunguliwa mahakamani. Cheti cha kutokuwa na kumbukumbu za uhalifu, ambacho waajiri na balozi hukihitaji, huombwa Jeshi la Polisi kwa kuchukuliwa alama za vidole. Ofisi ya Mtendaji wa Kata haina mamlaka ya kutoa hukumu ya mahakama, ingawa inaweza kumwelekeza mkazi mahali pa kwenda.

Kuijua mahakama inayohusika

Jalada hutunzwa na mahakama iliyosikiliza shauri. Makosa mengi ya kawaida vijijini na mitaani, kama vile wizi mdogo, shambulio na matusi, husikilizwa na Mahakama ya Mwanzo. Makosa mazito zaidi huanzia Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi, na kesi za mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni: mshtakiwa alisomewa mashtaka katika jengo gani, na hukumu ilisomwa wapi?

Mkazi anaweza kufika Mahakama ya Mwanzo na kuambiwa kwamba jalada halipo. Jibu hilo halimaanishi kwamba limepotea. Rufaa inapokatwa, jalada la awali hupelekwa kwenye mahakama inayosikiliza rufaa. Katika hali hiyo, mwombaji aulize limepelekwa mahakama gani na kwa rufaa namba ngapi, kisha afuatilie huko.

Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani huchapishwa katika tovuti ya TanzLII, ambako mtu yeyote anaweza kuzitafuta na kuzisoma bila malipo kwa kutumia jina la mhusika, namba ya shauri au mwaka. Kwa mashauri ya Mahakama za Mwanzo na za Wilaya, njia ya uhakika ni kwenda masijala ya mahakama husika.

Taarifa za kuandaa kabla ya kwenda

Karani hutafuta jalada kwa haraka zaidi akipewa taarifa kamili. Mwombaji aandike mambo yafuatayo kwenye karatasi kabla ya kuondoka nyumbani:

1. Majina kamili ya mshtakiwa, kama yalivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka.
2. Namba ya shauri na mwaka wake.
3. Kosa lililoshtakiwa.
4. Tarehe ya hukumu, au walau mwezi na mwaka.
5. Jina la hakimu aliyesikiliza shauri, likijulikana.

Namba ya shauri ndiyo ufunguo. Asiyeikumbuka anaweza kuipata kwenye hati ya wito, hati ya dhamana, risiti ya faini au barua yoyote ya mahakama. Ikiwa hakuna karatasi iliyobaki, karani anaweza kutafuta katika rejista kwa jina na mwaka. Ikumbukwe kwamba katika Mahakama ya Wilaya na zilizo juu yake, kesi ya jinai huitwa kwa jina la Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Kwa sababu hiyo, kutafuta kwa jina la mlalamikaji mara nyingi hakuzai matunda.

Kuandika barua ya maombi

Maombi ya mdomo husahaulika; barua huacha ushahidi. Barua fupi ya aina hii inatosha:

«Kwa Hakimu Mfawidhi, Mahakama ya ……… YAH: MAOMBI YA NAKALA YA HUKUMU NA MWENENDO WA SHAURI. Rejea Kesi ya Jinai Na. …… ya mwaka ……, Jamhuri dhidi ya ………, iliyotolewa hukumu tarehe ……… Mimi ni mshtakiwa/mlalamikaji/ndugu wa mshtakiwa katika shauri hilo. Naomba nakala zilizothibitishwa za hukumu na mwenendo kwa ajili ya ……… Jina, anwani, namba ya simu, saini na tarehe.»

Barua itolewe nakala mbili. Moja ibaki mahakamani. Nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mwombaji aondoke nayo. Nakala hiyo ya pili ina thamani kubwa, kama inavyoelezwa hapa chini.

Siku zinazohesabiwa

Hapa ndipo wakazi wengi hupoteza haki zao. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayepinga uamuzi wa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kutoa taarifa ya nia ya kukata rufaa ndani ya siku 10, na kuwasilisha rufaa yenyewe Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Katika kuhesabu siku hizo 45, muda uliohitajika kupata nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Barua yenye muhuri ndiyo inayoonesha siku nakala zilipoombwa. Siku 10 za taarifa ya nia, hata hivyo, hazisubiri nakala yoyote.

Kwa uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo utaratibu ni tofauti. Rufaa hukatwa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu tarehe ya uamuzi, na sheria haimlazimu mkata rufaa kuambatanisha nakala ya hukumu. Anayekaa nyumbani akisubiri nakala hadi siku 30 zipite atalazimika kuomba kuongezewa muda, na mahakama hutoa muda huo pale tu inaporidhika na sababu. Njia salama ni kuomba nakala siku ileile hukumu inaposomwa, na kuwasilisha rufaa kwa wakati hata kama nakala haijatoka.

Aliyeko gerezani hanyimwi nafasi hii. Anaweza kuwasilisha rufaa yake kupitia Mkuu wa Gereza, naye huifikisha mahakamani. Ndugu zake wanaweza kufuatilia nakala kwa niaba yake.

Malipo

Mshtakiwa anayeomba nakala ya hukumu yake hupewa bila malipo. Mtu mwingine aliyeguswa na uamuzi, au anayehitaji sehemu nyingine za jalada, anaweza kutakiwa kulipa, isipokuwa mahakama ione sababu maalumu ya kumsamehe. Malipo halali ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, kupitia benki au simu, na mlipaji hupata risiti. Fedha isikabidhiwe mkononi kwa mtu yeyote. Anayedaiwa fedha bila kupewa namba hiyo anaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa namba 113, ambayo haina gharama.

Mipaka ya kupata kumbukumbu

Mahakama husikiliza kesi hadharani, lakini si kila jalada hufunguliwa kwa kila mtu. Mashauri ya watoto husikilizwa kwa faragha chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Katika makosa ya kujamiiana, ushahidi unaweza kutolewa faraghani, na sheria inakataza kuutangaza kwenye vyombo vya habari. Asiyehusika na shauri ajiandae kueleza sababu ya maombi yake, na uamuzi wa kumruhusu ni wa mahakama.

Kuisoma nakala

Mpokeaji ahakikishe kwamba nakala ina saini, muhuri, majina sahihi na kurasa zote. Kisha asome kwa makini maneno ya mwisho. Kuachiwa huru baada ya kuonekana hana hatia si sawa na kuondolewa kwa shauri kabla ya utetezi, kwani katika hali hii ya pili mashtaka yanaweza kufunguliwa upya. Wala mtu aliyeshtakiwa tu hastahili kuitwa mhalifu: Katiba, katika ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia hiyo haijathibitishwa.

Mahali pa kupata msaada

Asiyeweza kuandika barua au kuielewa hukumu anaweza kuwaona wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza kwao. Aende mapema, akiwa na namba ya shauri na tarehe ya hukumu, maana siku za rufaa huanza kuhesabiwa tangu hukumu inaposomwa.