Somo la Miti: Mwaloni wa Dubu

Wanachama kadhaa wametuuliza: je, iko miti duniani inayoweza kuchomwa moto ikarudi? Iko. Leo twautazama mmoja, mwaloni mdogo wa mashariki ya Marekani, uotao kutoka Maine hata North Carolina. Wataalamu huuita Quercus ilicifolia, jina alilolitoa Wangenheim mwaka 1787. Watu wa huko huuita mwaloni wa dubu, maana matunda yake ni machungu, na husemwa kuwa dubu tu ndiye awezaye kuyala.

Mti wenyewe ni mfupi. Kwa kawaida haupiti futi 20, na mara nyingi huwa kichaka chenye mashina mengi. Jani lina urefu wa inchi 2 hadi 5, ukingo wake umekatika kama vidole, na kila kidole kina ncha nyembamba kama unywele. Juu ni kijani, chini ni jeupejeupe kwa malaika laini. Baridi ikija majani hupukutika mti ukabaki mtupu. Mkarafuu hauvui nguo zake hivyo.

Ua la karafuu, ambalo sisi hulichuma kabla halijafunguka, lina dume na jike pamoja. Mwaloni huu umeyatenga: ya kiume huning'inia kama nyuzi, ya kike ni madogo mno, yote katika mti mmoja, na upepo ndio upelekao vumbi la ua. Tunda ni kokwa ya kama nusu inchi, limekaa katika kikombe, nalo hukomaa mwaka wa pili. (Mvunaji wa huko angehitaji subira kuliko sisi!)

Siri yake iko ardhini. Katika nchi ya mchanga na misonobari huko New Jersey moto hupita mara kwa mara. Mashina huungua yakafa, lakini mzizi mkuu ni mnene na una macho yaliyolala. Moto ukisha, huchipua upya, na baada ya miaka michache huzaa. Moto usipopita muda mrefu, miti mirefu huutia kivuli nao hupungua.

Mkarafuu haukuumbwa hivyo. Gome lake ni jembamba, na mizizi yake mingi iko juujuu, hivyo moto wa majani makavu tu waweza kuupoteza mti wa miaka 40. Mwenye shamba linalopakana na pori na alime ukanda wa udongo mtupu mpakani kabla jua la kaskazi halijakausha nyasi, na akitaka kuchoma takataka amwarifu jirani yake kwanza.