Kutu, Chumvi na Alama: Somo la Bastola ya Kurithi

Mwalimu mmoja wa sekondari, ambaye zamani nilimfundisha kemia, aliniita nyumbani kwao Mabatini, jijini Mwanza, baada ya matanga ya babu yake. Katika sanduku la bati, chini ya nguo na hati za kiwanja, ndugu walikuta bastola yenye mtutu mrefu, imeviringishwa katika kitambaa chenye mafuta. Nilipofika, kijana wa nyumba alikuwa ameisugua kwa msasa muda wa nusu saa ili ing'ae. Upande mmoja uling'aa kweli, lakini tarakimu tatu za namba yake zilikuwa zimefutika. Baadaye polisi walipoifungua, walikuta risasi moja imo ndani.

Basi uhai wa kijana yule ulisalimika kwa bahati tu, na ushahidi wa asili ya bastola ukapotea kwa nia njema. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuepuka hatari hizo mbili, na sababu zake za kisayansi.

1. Sheria hutangulia sayansi

Silaha yoyote iliyokutwa ihesabiwe kuwa ina risasi, hata kama haijaguswa kwa miaka hamsini. Baruti iliyotunzwa pakavu huweza kubaki na nguvu kwa miongo mingi. Kwa hiyo, iache ilipo, watoto waondolewe, kisha polisi waitwe waje kuichukua. Usiibebe mwenyewe mtaani.

Yafaa pia ifahamike kwamba, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni hutolewa kwa mtu. Mrithi harithi leseni ya marehemu. Atakiwa kutoa taarifa, na ama aombe leseni yake mwenyewe, ama aisalimishe silaha. Yote yanayofuata hapa chini yahusu silaha ambayo imekwisha kufunguliwa na kukaguliwa na wenye mamlaka.

2. Kuitambua

Kwa nini silaha za aina mbalimbali huonekana katika nchi za kandokando ya Ziwa? Jibu limo katika historia. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilileta magobore. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha nafasi kwa gobore la jiwe na baruti ya kawaida. Askari wa Wajerumani walitumia bunduki ya Mauser ya mtindo wa 1871, yenye kaliba ya milimita 11 na moshi mwingi. Julai 1916 Waingereza waliiteka Mwanza, na utawala wao ulidumu hadi 1961. Katika kipindi hicho bastola za michezo za Kiingereza ziliweza kuingia nchini kwa njia za kawaida.

Bastola ya shabaha hutofautiana na ya vita. Mtutu wake mara nyingi ni mrefu, vilengeo vyake huweza kurekebishwa, na nyingi za zamani hupokea risasi moja tu kwa wakati mmoja. Kaliba iliyozoeleka ni ya inchi 0.22, yaani kama milimita 5.6. Risasi ya aina hiyo inayotumika zaidi hadi leo ilibuniwa Marekani mwaka 1887. Miongoni mwa watengenezaji wa Uingereza, kampuni ya Webley & Scott ya Birmingham ilijulikana kwa bastola za namna hiyo.

Jina la kiwanda peke yake halitoshi. Tafuta alama za uthibitisho, ambazo ni mihuri midogo iliyogongwa na nyumba ya kupimia silaha baada ya mtutu kujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida. Nyumba ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1813, na kwa muda mrefu katika karne ya 20 mihuri yake ilikuwa taji juu ya herufi BP, BV au NP. Liège, nchini Ubelgiji, hutumia herufi ELG ndani ya umbo la yai.

Alama hizo zisomwe kwa lenzi na mwanga wa tochi unaotoka upande. Mwanga wa upande huangusha kivuli ndani ya kila mchoro, na herufi iliyofifia hujitokeza. Msasa hauhitajiki kamwe.

3. Adui wawili: kutu na chumvi

Chuma hushika kutu kikikutana na oksijeni na maji kwa pamoja:

4Fe + 3O₂ + 2nH₂O → 2Fe₂O₃·nH₂O

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo hufura, hupasuka na kufungua njia kwa maji mapya. Lakini si kila oksidi ni adui. Rangi ya buluu-nyeusi ya bastola ya zamani ni oksidi iliyotengenezwa makusudi kiwandani, Fe₃O₄, ambayo hushikamana na chuma na kuhifadhi mafuta. Aisuguaye kwa msasa, au kuiosha kwa siki, huivua silaha vazi lake.

Adui wa pili hana sifa mbaya mitaani, ila ni mkali zaidi. Fataki za risasi za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo huvunjika hivi:

2KClO₃ → 2KCl + 3O₂

Kloridi inayobaki ndani ya mtutu ni ndugu wa chumvi ya mezani. Hunyonya unyevu wa hewa na kuharakisha kutu. Nayo haiyeyuki katika mafuta. Kumbe mzee aliyepaka mtutu mafuta bila kuuosha alifunika moto kwa jani. Wale waliopitisha maji ya moto kwanza, wakakausha, ndipo wakapaka mafuta, walikuwa wanakemia bila kujua.

4. Kuihifadhi

Vaa glavu za pamba, kwani jasho la mkono lina chumvi. Futa vumbi kwa kitambaa laini. Kutu nyekundu iliyo juu juu ilainishwe kwa mafuta mepesi, kama ya cherehani, kisha ifutwe polepole. Mafuta yasifike kwenye mpini wa mti. Usiitunze ndani ya ala yake ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu na ina asidi zilizotumika kuisindika. Ala ihifadhiwe kando. Karibu na Ziwa hewa huwa na unyevu mwingi, kwa hiyo sanduku liwe na vidonge vya silika vya kukaushia, na likaguliwe kila msimu wa mvua.

5. Jaribio la darasani

Silaha isiletwe shuleni kamwe. Misumari minne inatosha. Safisha yote. Wa kwanza uache mtupu. Wa pili upake mafuta. Wa tatu uchovye katika maji ya chumvi, ukauke, ndipo upake mafuta. Wa nne uchovye vivyo hivyo, uoshe kwa maji ya moto, ukaushe, kisha upake mafuta. Itundike katika chupa nne zenye pamba iliyolowa chini, zifunike, na uandike unayoyaona kwa siku 14. Linganisha wa tatu na wa nne: je, mafuta yalizuia nini, na hayakuzuia nini?

Na zile tarakimu tatu za Mabatini? Namba inapogongwa, chuma kilicho chini yake nacho hubanwa, hata pale ambapo macho hayaoni kitu. Mara nyingine maabara ya uchunguzi huweza kuifufua kwa kemikali, iwapo msasa haukwenda ndani mno. Kijana yule alisimama baada ya nusu saa. Saa nzima ingemaliza yote.